Kituo Kinachonyamaza Mvua Inaponyesha

Mkazi wa Chamazi, huku kusini mwa Temeke, anajua vyema kwamba mvua ya Dar es Salaam haina mgawo sawa: yaweza kumwagika Mbagala hata barabara zikageuka mifereji, ilhali huku kwetu vumbi halijatulia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hupima mvua katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, haiwezi, hata vipimo vyake vikiwa sahihi kabisa, kumwambia mkulima wa mchicha wa bondeni ni milimita ngapi zilizoangukia matuta yake. Kwa ajili hiyo kituo kidogo cha nyumbani kina faida ya hakika, nacho si chombo cha matajiri: ubao wa ESP32 au kaka yake ESP8266, zote kazi ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, kihisi cha joto na unyevu, kikombe cha kuhesabia mvua, na waifai ya kupelekea habari kwenye simu, basi kituo kimetimia.

Taabu yake kubwa ni moja. Kituo hufanya kazi vizuri kiangazi chote, mpaka siku wingu linapotanda na mwenyewe anatamani kujua kiasi cha mvua, ndipo kinaponyamaza. Nami yalinifika. Masika moja kituo changu, nilichokifunga juu ya bomba uani, kilikuwa kikipotea mara tatu na nne kwa siku, nami nikautupia lawama mtandao. Nikahamisha ruta, nikabadili nywila, nikanunua antena, na kila tiba ikaonekana kufaa siku mbili, kisha maradhi yakarudi pale pale. Jirani yangu, fundi wa redio tangu ujanani, alikitazama kwa muda akasema, "Mzee mwenzangu, usiulize kwa nini hakisemi, uliza kwanza kama kiko hai."

Katika maneno yale mna msingi wa kazi hii yote. Kukatika kwa mtandao na kuzimika kwa ubao ni mambo mawili mbalimbali ambayo, kwa mtu anayetazama simu yake, yana sura moja. Njia ya kuyapambanua ni kukiamuru kituo kitume, pamoja na joto na mvua, idadi ya dakika tangu kilipowaka, na sababu ya kuwaka kwake mara ya mwisho. Maana ubao, hasa huo wa ESP32, huihifadhi sababu hiyo na kuitoa ukiulizwa: kwamba umeme ulipungua, au programu iliganda hata mlinzi wa ndani akaiwasha upya, au programu yenyewe iliomba kuanza tena. Ikiwa habari zilikoma saa nzima na hesabu ya dakika haikuvunjika, taksiri ni ya mtandao. Ikiwa hesabu imeanza upya, ubao ulizimika, na kuhangaika na ruta ni kupoteza siku.

Kwangu hesabu ilikuwa ikianza upya kila mara, na sababu iliyoandikwa ilikuwa upungufu wa umeme. ESP32 hutaka volti 3.3, na chini ya 3.0 haiaminiki, tena matumizi yake hayalingani wakati wote, kwa kuwa ikitulia hunywa kidogo, walakini inapowasha redio yake hugugumia kwa ghafla, ndiyo maana mtengenezaji ashauri chanzo chenye uwezo wa miliampea 500 au zaidi. Sasa chukua waya mwembamba wa chaja wenye urefu wa mita 5, ambao kila uzi wake wa shaba una unene wa milimita mraba 0.08 tu. Umeme huenda mita 5 na kurudi mita 5. Ukinzani wa njia hiyo yote ni kama omu 2.2, na zikipita miliampea 400, karibu volti 0.9 hupotelea njiani. Kwenye chaja zilitoka volti 5, kwenye ubao zimefika 4.1, kipunguza umeme cha mbao nyingi za bei nafuu nacho hutaka volti kama 1.1 zake, zinazobaki ni 3.0, na ubao hufa katika sekunde ile ile unapojaribu kusema. Hivyo ndivyo ugonjwa wa umeme unavyovaa nguo za ugonjwa wa mtandao. Niliweka waya mnene na mfupi, nikalehemu kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na ubao, na kuzimika kule kukakoma.

Lakini kwa nini wakati wa mvua? Wengi husema maji ya angani huzuia waifai, na dhana hiyo si sahihi, kwa sababu katika masafa ya gigaherzi 2.4 matone yaliyo kati ya nyumba na ua hayapunguzi chochote cha kutajika. Yanayozuia ni majani ya mwembe yaliyolowa, ukuta wenye nondo, na bati. Zaidi ya hayo ni maji yanayopenya kwenye viungo, ambavyo chumvi ya upepo wa kusi imekwisha kuvila taratibu bila mwenyewe kujua, na kila kiungo kilicholiwa huongeza ukinzani ule ule tuliouhesabu. Waya na uingie kwenye kisanduku kwa chini, tena upindwe kabla ya kuingia ili tone lianguke nje.

Dhoruba huja pia na kukatika kwa umeme. Ukirudi, ubao huamka kwa sekunde chache, ilhali ruta aghalabu huchukua dakika moja au mbili. Programu iliyoandikwa kwa pupa ama hukwama hapo ikingoja bila kupima, ama hujiwasha upya tena na tena. Iliyo njema hupima kwanza, huhifadhi, kisha hutafuta mtandao baada ya nusu dakika, dakika moja, mbili. Na ruta iwe imefunguliwa masafa ya gigaherzi 2.4, kwani mbao hizi mbili hazisikii yale ya 5.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni hesabu inayopotea. Kituo kikizimika bila kuandika jumla ya mvua kwenye kumbukumbu ya kudumu, mvua ya asubuhi nzima hufutika. Na saa yake, mpaka iipate saa ya intaneti, huanzia kwa saa za Afrika Mashariki saa tisa za usiku wa tarehe 1 Januari 1970. Kisha mchoro wa simu huonyesha sifuri mahali ambapo hapakupimwa kitu, na asomaye huamini kwamba hapakunyesha. Vuli huanza Oktoba. Mwenye kituo na abadili waya wake Septemba, na pale ambapo kituo kilinyamaza aache nafasi wazi katika daftari lake, asiandike sifuri.