Kimeng'enya Kimoja Chini ya Hadubini

Tone dogo la maji laweza kubeba mabilioni ya vimeng'enya, vyote vikifanya kazi kwa pamoja. Tangu Leonor Michaelis na Maud Menten walipochapisha mlinganyo wao mwaka 1913, wanabiokemia wamekuwa wakipima kasi ya umati huo. Vipimo hivyo vimesaidia mno, ila wastani huficha mengi.

Boris Rotman alilithibitisha hilo mwaka 1961. Alikigawa kimeng'enya cha beta-galaktosidasi katika vitone vidogo sana, vingi vikiwa na molekuli moja tu au vikiwa vitupu. Alipokipasha moto kikapoteza sehemu ya nguvu zake, aligundua kwamba hapakuwa na molekuli zilizodhoofika nusunusu. Ama molekuli ilichapa kazi kama kawaida, ama ilikuwa imekufa kabisa.

Kisa kinachosisimua zaidi ni cha kimeng'enya kinachotengeneza ATP, molekuli inayogawa nishati ndani ya seli. Paul Boyer wa Marekani alishikilia kwamba sehemu yake ya ndani huzunguka. Mwaka 1994 John Walker na wenzake, Cambridge, wakatoa umbo lake: mhimili katikati, na kando yake vituo vitatu vya kazi, kila kimoja katika hali yake. Hoja ya Boyer ikapata nguvu. Lakini picha ile haikusogea.

Nchini Japani, Hiroyuki Noji, Masasuke Yoshida, Kazuhiko Kinosita na wenzao wakaamua kuutazama mzunguko wenyewe. Kimeng'enya chao, chenye upana wa nanomita 10 hivi, kilikuwa kidogo mno kwa hadubini ya mwanga. Wakakinasisha kwenye kioo, kisha wakaunga kwenye mhimili wake uzi wa aktini, protini ya misuli, uliotiwa rangi ing'aayo. Uzi huo ulikuwa mrefu kuliko kimeng'enya mara mia na zaidi. Wakatia ATP ili kimeng'enya kiivunje.

Uzi ukazunguka, tena daima upande mmoja! Ripoti ilitoka Machi 1997. Oktoba hiyohiyo Boyer na Walker wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia, pamoja na Jens Skou wa Denmark.

ATP ilipopunguzwa sana, mhimili ulionekana ukienda kwa hatua za digrii 120, ukisita kila hatua kungoja ATP nyingine. Katika umati, kusita huko hupotea, kwa kuwa kila molekuli husita kwa wakati wake.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani wakabandika chembe ya sumaku kwenye mhimili na kuuzungusha kinyume. Safari hii kimeng'enya kilitengeneza ATP badala ya kuivunja, na kilichowajulisha ni mwanga wa kimeng'enya kingine, kile cha kimulimuli, ambacho huhitaji ATP ili kiwake.