Bwana Nyuki na Biashara ya Asali

Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma ziko wilaya za Kasulu na Kibondo. Hiyo ndiyo nchi ya Waha, nayo tangu zamani huitwa Buha. Watu wake hulima mihogo, mahindi, maharagwe na kahawa. Penye pori la miombo miti huchanua maua mengi, na nyuki hufanya makao humo. Kwa hiyo wazee wa nchi hiyo wamejua tangu kale kuchonga mzinga wa gogo, kuutundika juu ya mti mrefu, na kurina asali usiku kwa moto na moshi. Baba alimfundisha mwanawe, na mwana akamfundisha wake.

Biashara ya vitu vya nyuki nayo si ya jana. Wakati wa Wadachi, na baadaye wakati wa Waingereza, nta ya Tanganyika ilipelekwa Ulaya, ikatumika kwa mishumaa na vitu vingine vingi. Mwaka 1949 serikali ilianzisha idara ya ufugaji wa nyuki. Ofisa wa kazi hiyo watu wakamwita Bwana Nyuki, kama walivyomwita mwenzake wa kilimo Bwana Shamba. Leo wako maofisa wa nyuki katika halmashauri za wilaya, na kazi yao ni kuwaongoza wafugaji.

Lakini kujua kurina asali ni jambo moja, na kujua kufanya biashara ya asali ni jambo jingine. Habari za Lorenzo Langstroth zaonyesha neno hili. Huyo alikuwa mchungaji wa Kikristo katika nchi ya Marekani. Mwaka 1851 alitambua ya kuwa nyuki huacha njia nyembamba, isiyofika sentimeta moja, wala hawaizibi kwa nta. Kwa maarifa hayo akafanya mzinga wenye fremu zinazotoka na kurudishwa pasipo kuvunja masega, na mwaka 1852 akaandikiwa haki ya uvumbuzi wake. Mzinga huo ulienea katika dunia nzima. Lakini watu wengi waliuiga pasipo kumlipa, na mashtaka yakamgharimu, hata yeye mwenyewe hakupata faida kubwa. Aliwajua nyuki kuliko wengi, lakini biashara ilimshinda. Ikiwa ilikuwa hivyo kwa mtu mwenye elimu kama yeye, kijana wa Buha asione haya kuuliza.

Maarifa ya kwanza anayohitaji ni ya kazi yenyewe, na mwalimu wake ni Bwana Nyuki. Huyo atamwambia kwamba mzinga wa gome huua mti, maana mti uliochunwa gome kuuzunguka hufa. Na mti ukifa, maua yake nayo yamekwisha. Tena atamwonyesha mzinga wa sanduku wenye fito zilizopangwa juu. Seremala asiyejua hukata fito kwa upana wowote, kisha hushangaa nyuki wakijenga masega yaliyopinda na kushikana. Mwenye maarifa hukata kila ufito upana wa milimita 32, kwa kuwa huo wapatana na nafasi ambayo nyuki wa Afrika huweka kati ya sega na sega. Ni kipimo kidogo, lakini akikosea hapo mzinga wote umeharibika.

Bwana Nyuki atamfundisha pia kuitambua asali iliyokomaa. Nyuki huifunika kwa utando wa nta. Sega lisilofunikwa bado lina maji mengi. Na maji yakizidi kama sehemu 20 katika 100, hamira iliyomo huamka, asali ikachacha na kutoa povu. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, nayo yasichanganywe na asali. Wala moshi usizidi, kwa sababu asali hushika harufu upesi.

Maarifa ya pili ni ya biashara. Kwa ajili hiyo serikali iliunda, kwa sheria ya mwaka 1973, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, liitwalo SIDO, nalo lina ofisi katika mkoa wa Kigoma. Huko watu hufundishwa kuweka hesabu, kufunga bidhaa na kutafuta soko, na huonyeshwa mashine ndogo zifaazo kazi zao. Tena liko Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975, ambalo hupima bidhaa na kuzipa alama ya ubora. Chupa yenye alama hiyo huaminiwa dukani, na ile isiyo nayo huachwa rafuni.

Maarifa ya tatu ni ya fedha. Sheria ya mwaka 2018 iliziagiza halmashauri kutenga sehemu 10 katika 100 za mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha mwaka 2024 ikarudishwa. Ofisa maendeleo ya jamii ndiye awaelezaye watu namna ya kuunda kikundi na kuomba. Lakini mkopo usio na riba ni deni vilevile. Na deni la kikundi hukaa juu ya kila mmoja wao. Mwenzao mmoja akikimbia, waliobaki hulipa.

Kwa hiyo mshauri mwema hamwulizi kijana kwanza, “Wataka fedha ngapi?” Humwambia, “Keti, tufanye hesabu.” Bei zifuatazo ni za mfano tu, ili msomaji aione njia.

Kijana ana mizinga 10, na kila mmoja hutoa kilo 10 za asali. Jumla ni kilo 100. Akiiuza kwa ndoo kando ya njia, kilo moja kwa shilingi 4,000, atapata shilingi 400,000. Akiichuja vema na kuitia katika chupa 100 za kilo moja, na kila chupa ikauzwa shilingi 8,000, atapata shilingi 800,000. Hapo kijana hufurahi, akadhani amekwisha kuwa tajiri.

Mshauri huendelea. Chupa 100 kwa shilingi 500 ni shilingi 50,000. Vibandiko vya jina 100 kwa shilingi 200 ni 20,000. Nauli ya kupeleka mzigo mjini ni 60,000. Ndoo safi na vitambaa vya kuchujia ni 70,000. Jumla ya hayo ni 200,000. Tena mizinga 10 ilinunuliwa kwa shilingi 600,000, nayo itadumu miaka 6. Basi kila mwaka yampasa kuweka akiba shilingi 100,000, ili ikiisha aweze kununua mingine. Gharama zote ni 300,000, na faida iliyobaki ni 500,000. Muuza ndoo naye, akiweka akiba ile ile ya mizinga, hubakiwa na 300,000.

Lakini kijana yule akiwa na haraka, akarina masega yasiyofunikwa, na chupa 40 zikachacha dukani na kurudishwa, amepoteza shilingi 320,000. Faida yake itakuwa 180,000 tu, naye atakuwa nyuma ya yule aliyeuza kwa ndoo pasipo gharama nyingi. Na ikiwa alikopa, siku ya kulipa haitangoja mavuno mengine. Hapo ndipo watu huuza mbuzi wa baba, au kukodisha shamba la mama, kwa sababu ya chupa 40. Injili ya Luka ina habari ya mtu aliyeanza mnara pasipo kupiga hesabu, akashindwa kuumaliza, watu wakamcheka. Mwenye deni huchekwa, na tena hudaiwa.

Yafaa pia kujua kwamba si kila ajiitaye mtaalamu ni mtaalamu. Wako watu wanaozunguka vijijini wakiahidi faida kubwa kwa muda mfupi, wakitaka fedha kwanza, wala hawataki kwenda porini kuitazama mizinga. Mtaalamu wa kweli hupitia ofisi ya kijiji, hujulikana alikotoka, na huuliza mengi kabla ya kuahidi. Huonyesha kwa mikono yake. Tena hurudi baadaye kutazama kama neno lake limefanya kazi. Anayekataa kuulizwa maswali, heri aachwe aende zake.

Wala mtu asidhani kwamba kumfuata Bwana Nyuki ni kuwadharau wazee. Wazee wajua mti upi huchanua mwezi gani, na nyuki hupendelea kukaa bonde gani, mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua pasipo kuambiwa. Kijana mwenye akili huchukua maarifa ya mzee kwa mkono mmoja, na ya ofisa kwa mkono wa pili, kisha hukaa na daftari lake na kuandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka.

Watu husema, “Fuata nyuki ule asali.” Nyuki haendi uani kwa bahati, hufuata njia aliyoonyeshwa na mwenzake aliyetangulia kuona maua, naye hurudi na mzigo nyumbani. Vivyo hivyo mwenye kuanza biashara ndogo atafute kwanza aliyetangulia kuiona njia, amsikilize, ahesabu, ndipo atundike mzinga wake.