Likizo na Binti Yako: Msirudi Wagonjwa

Wazazi wengi wanaojaliwa kuwapeleka watoto wao Walt Disney World, kule Florida, Marekani, hurudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Mahali hapo palifunguliwa mwaka 1971, na leo pana viwanja vinne vikubwa vya michezo. Baba aliyelipa fedha nyingi hutaka kuona vyote. Mtoto hukokotwa juani mpaka analia, na baba hukasirika.

Kabla ya safari, keti na binti yako. Mwulize: "Mwanangu, ni mambo gani mawili usiyotaka kuyakosa?" Hayo yafanyeni asubuhi. Tangu Juni hadi Septemba joto la Florida ni kali, na alasiri mara nyingi hunyesha mvua ya radi. Adhuhuri rudini chumbani, mle, mlale. Jioni mtatoka tena.

Vaeni kofia na viatu mlivyovizoea. Msingoje kiu ndipo mnywe maji. Mtoto akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu, mpeleke kivulini, mpe maji, mpanguse kwa kitambaa kibichi. Akianza kuchanganyikiwa, ita msaada wa daktari upesi.

Akiogopa mchezo fulani, usimlazimishe wala usimcheke.

Katika kiwanja kimojawapo, Animal Kingdom, kuna kijiji cha mfano kiitwacho Harambe, chenye vibao vya Kiswahili. Pumzikeni hapo, akusomee. Pengine atakachokumbuka ukubwani ni hicho: kwamba siku ile baba hakuwa na haraka.