Ini Lagawika, Lakini Damu Haidanganyi

Je, unajua mtu aliye hai anaweza kumgawia mwenzake ini? Si utani! Mwaka 1989, huko Brisbane, Australia, mama mmoja alimpa mwanawe kipande cha ini lake, na mtoto akapona. Siri ni kwamba ini hukua tena: kipande alichobaki nacho mtoaji huongezeka ndani ya wiki na miezi michache.

Lakini upasuaji huu unamhatarisha mtoaji, mtu mzima wa afya. Ndiyo maana, kama ini la mgonjwa liliharibiwa na pombe, madaktari hawaishii kumuuliza, "Bado unakunywa?" Wanampima damu. Mtu akinywa pombe, kwenye chembe zake nyekundu za damu hutengenezwa kitu kiitwacho fosfatidiletanoli. Bila pombe hakitengenezwi. Kwa mnywaji sana, huonekana kwa wiki 2 hadi 4, hata kama harufu mdomoni ilishaisha zamani.

Lengo si kumwaibisha mtu. Ni kujua nani asaidiwe kuacha, ili zawadi ya nduguye isipotee bure.

Na wewe je? Ini likishajaa makovu ya pombe, uwezo wa kujijenga upya hupungua. Lako bado zima, litunze!