Visiwa vya Orkney: Mawe, Mizimu na Ndege wa Bustanini

Msafiri atokaye Uskoti kwenda kaskazini hana budi kuvuka mlango wa bahari uitwao Pentland Firth, mahali ambapo bahari mbili hukutana na maji kukimbia kwa nguvu kama mto uliofurika, na baada ya kuyumbishwa kwa muda wa saa moja na nusu ndipo huziona pwani za Orkney, funguvisiwa lenye visiwa takriban 70, ambavyo kama 20 tu kati yavyo vina wakaaji, na wakaaji wote jumla yao ni kama watu 22,000. Mimi nilifika mwezi wa Aprili, nikitaraji majira ya maua niliyoyasoma vitabuni, nikapokewa na upepo.

Upepo huo, pamoja na chumvi auchukuao, hauiachi miti ikakua. Katika Kirkwall, mji mkuu, upo mti mmoja kando ya njia ya maduka ambao wenyeji huuita Mti Mkubwa, nao kwa kweli hauwezi kumshangaza mtoto wa Bagamoyo aliyezoea miembe. Nausema uchache huu wa miti kwanza kwa kuwa ndio usuli wa mambo mengi yafuatayo: watu wa kadimu, walipokosa mbao, walijenga kwa mawe ya nchi yao, ambayo hupasuka kwa tabaka bapa kama yaliyokatwa na fundi, na kitu kilichojengwa kwa mawe hakiozi.

Athari mashuhuri kuliko zote ni Skara Brae, kijiji kilichozikwa mchangani kando ya ghuba mpaka mwaka 1850, tufani kuu ilipoyang'oa majani na mchanga na kuacha kuta wazi. Kati ya 1928 na 1930 Profesa Gordon Childe alikichimba kwa utaratibu, na baadaye ikathibitika kwamba watu walikikaa miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi kubwa za Misri kujengwa. Mgeni husimama juu ya kuta na kutazama chini ndani ya nyumba, kama achunguliaye chunguni. Katikati ni meko ya mraba. Kushoto na kulia ni vitanda vilivyozungushiwa mawe. Na mkabala wa mlango, mahali pa kwanza kuangukiwa na jicho la mgeni aingiapo, limesimama kabati la mawe lenye rafu mbili. Nilipoliona nilikumbuka zidaka za nyumba za mawe za Lamu, zilizopangwa ukutani ili vyombo vizuri vya mwenye nyumba vionekane, nikaridhika moyoni kwamba kutaka kuonyesha sahani ni tabia ya zamani sana ya mwanadamu.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Maeshowe, kaburi lililofunikwa kwa kilima cha udongo, ambalo ujia wake umeelekezwa hivi kwamba katika siku fupi za Desemba jua linapotua mwanga wake hupenya mpaka ukuta wa ndani kabisa. Katika karne ya 12 Wanorwe waliokuwa wakivitawala visiwa hivi waliingia humo, wakachora ukutani maandishi kama 30 ya herufi zao, na wala si ya hikma: huyu amejisifu kwa ustadi wa kuchora, yule amemtaja mjane mzuri. Masimulizi yao ya kale yanasema kwamba kundi moja lilijificha humo kwa ajili ya dhoruba ya theluji, na watu wawili wakatoka wamerukwa na akili. (Utawala wao ulikoma mwaka 1468, mfalme wa Denmaki na Norwe alipoviweka visiwa rehani kwa ajili ya mahari ya binti yake aliyeposwa na mfalme wa Uskoti, maana kwao mahari ilitoka kwa mzazi wa mwanamke, na rehani hiyo haijakombolewa hata leo.)

Hofu ya vilima hivyo haikuondoka pamoja na Wanorwe. Wakulima waliamini kwamba katika kila kilima cha kale anakaa mwenyewe, jina lake hogboon, ambaye humlinda mwenye shamba akipewa haki yake ya maziwa na pombe, na humtesa yeye na ng'ombe wake akichokozwa kwa jembe. Wataalamu huzihesabu habari hizi kuwa hekaya za wazee. Mimi naona hogboon alizilinda athari zile miaka mingi kabla ya kuwapo sheria yo yote, kama mizimu ilivyoyalinda magofu ya Gede katika msitu wake, na dalili ni jiwe la Odin. Jiwe hilo lilikuwa na tundu, na wachumba walipeana mikono kupitia humo wakaapa kiapo kisichovunjika. Mwaka 1814 mpangaji mmoja wa shamba, mtu wa kuja asiyekuwa na hofu hiyo, alichoshwa na watu waliokanyaga konde lake, akalivunja vipande vipande; majirani wakajaribu kumchomea nyumba moto.

Bibi niliyepanga kwake ana kilima kidogo nyuma ya ukuta wa bustani, ambacho plau haijakigusa. Nilipomwuliza kama anamwamini hogboon alisema haamini hata kidogo, lakini si yeye atakayeanza kuchimba.

Katika bustani hiyo nilipitisha asubuhi nyingi dirishani, maana kutazama ndege ni shughuli ya heshima huko. Shomoro walikuja kwa makundi kugombea makombo. Kwezi mmoja, mweusi mwenye madoa, alisimama juu ya bomba la moshi akaigiza filimbi ya sululu wa mabwawani kwa ufundi uliomfanya bibi atoke nje kumtafuta sululu. Nikampenda zaidi ndege mmoja wa kahawia, mdogo kama kidole gumba, mkia wima, ambaye kwa kukosa mti alijenga katika ufa wa ukuta wa mawe, akiingia na kutoka na ukoka kinywani kama mwashi.

Mbayuwayu wa kwanza alitokea mwishoni mwa mwezi, akipita chini juu ya majani, huku upepo ukimsukuma kando. Bibi alifurahi akaniambia, "Huyo ametoka kwenu." Nikamjibu kwamba mbayuwayu wa Uingereza hukaa wakati wa baridi Afrika ya Kusini, mbali kupita kwetu. Alifikiri kidogo, akaenda akafungua mlango wa juu wa banda la ng'ombe, akautegemeza kwa jiwe.