Baba na Wanawe: Maneno na Desturi za Waswahili na Jirani Zao

Mwalimu aliye mgeni katika pwani huandika katika daftari lake ya kwamba mtoto fulani amefiwa na babaye, na baada ya miezi michache mtoto yuleyule aja kuomba ruhusa tena, kwa kuwa baba yake amekufa. Mwalimu hudhani amedanganywa, naye mtoto huadhibiwa bure. Yule wa kwanza alikuwa baba mkubwa, yaani kaka wa baba. Wa pili ndiye aliyemzaa. Na kama mtoto angeulizwa kwa upole, pengine angewataja baba wengine wawili au watatu walio hai, naye asingekuwa amesema neno moja la uongo.

Kwa Kiswahili ndugu wa kiume wa baba ni baba wote. Ukubwa na udogo wao hupimwa kwa umri wa baba mzazi, si kwa mali wala kwa cheo. Basi mzee wa mvi aweza kuwa na baba mdogo aliye kijana kuliko yeye mwenyewe, na yampasa amsalimu kwa heshima ya baba. Neno ami au amu, lililotoka kwa Waarabu, hutumika pia, lakini halikuweza kulifukuza neno baba. Dada wa baba ni shangazi, na kaka wa mama ni mjomba. Wazulu, walio mbali nasi kwa nchi lakini karibu kwa lugha, wameliweka jambo hili wazi zaidi: mjomba kwao ni umalume, ambalo maana yake ni mama wa kiume, na shangazi ni ubabekazi, yaani baba wa kike. Msomaji akiikumbuka maana hii ataelewa kwa nini shangazi wa Kiswahili huingia nyumbani kwa nduguye na kuamrisha kana kwamba nyumba ni yake.

Hata sarufi yamtenga baba na majina mengine. Twasema baba yangu, kama tusemavyo nyumba yangu, lakini twasema baba yangu amekuja, si imekuja. Watu wa kale walipenda kuunganisha: babangu, babako, babaye, nao husema hivyo hata leo katika mazungumzo ya nyumbani. Neno kuzaa nalo hutumika kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Mtu husema, Mimi nimezaa watoto sita, na asiyemwona hajui kama msemaji ni mume au mke. Lakini neno mzazi, mbali na maana yake ya baba au mama, lina maana nyingine tena: mwanamke aliye katika siku za kujifungua. Yaani siku ile mtoto azaliwapo, jina la mzazi hukaa chumbani na mama, na baba hungoja nje barazani bila jina maalumu.

Kungoja huku ndiko mwanzo wa kazi yake. Hana ruhusa ya kuingia, wala haulizi sana, kwa kuwa kuuliza sana ni kuonyesha hofu. Habari huletwa na wanawake. Kwa watu wa pwani walio Waislamu baba, au mzee aliyechaguliwa naye, humwadhinia mtoto katika sikio la kulia na kumkimia katika la kushoto. Siku ya saba huwa akika: mbuzi huchinjwa, nywele za mtoto hunyolewa, na jina hutangazwa. Tangu siku hiyo baba naye hupata jina jipya. Aliyekuwa Salimu huitwa Baba Juma, na wako watu ambao jina lao la kwanza limesahauliwa kabisa mtaani. Twaona hapa jambo la ajabu kidogo, ya kwamba mkubwa hupewa jina na mdogo, wala si fedheha bali ni cheo. Mwanamume aliyeoa miaka mingi na bado aitwa kwa jina lake tupu huliona pengo hilo kila asalimiwapo. Jina lake katika kamusi ni mgumba, nalo ni neno zito. Mwalimu mwema hatalitumia mbele ya watu hata katika kufundisha msamiati.

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya jambo moja dogo, ambalo wageni hulisikia kila siku bila kuliuliza. Baba humwita mwanawe mdogo, Njoo baba. Humwambia, Kula baba, usilie baba. Mgeni hudhani ni mzaha. Asili moja ya mwito huu ni desturi ya majina: mara nyingi mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake, na baba amtazamapo humwona mzazi wake amerudi akiwa mdogo. Tena wako wake wasiotamka jina la baba mkwe kwa heshima. Mtoto akiwa ndiye mwenye jina hilo, mama hana njia illa amwite baba au bwana. Tangu hapo mwito umeenea, hata wasio na majina ya babu zao huitwa hivyo, na binti naye huitwa mama. Lakini maana ya kale haijafa. Nimesikia wazee wakimkataza kijana asimpige mwanawe kwa neno hili tu: Wampiga babayo? Na fimbo ikashushwa. Wale wasemao ya kwamba Mwafrika wa kale hakuwa na upole kwa watoto, afadhali wangesikiliza kwanza jinsi anavyowaita.

Babu naye akiwapo nyumbani, baba hapati kuwa mkali kwa muda mrefu. Baina ya babu na mjukuu pana utani: babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, nao hugombana kwa kicheko juu ya chakula na mahali pa kulala. Mtoto aliyekaripiwa na baba hukimbilia kwa babu, naye babu humtetea kwa maneno yanayomrudisha baba katika utoto wake mwenyewe: Hata wewe ulikuwa mwizi wa sukari. Baba hucheka au hununa, lakini hukumu imekwisha.

Furaha nyingine ya baba ni ya jioni, nayo ni ya kikapu. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu, Mombasa na Unguja, kwenda sokoni ilikuwa kazi ya wanaume, kwa sababu wake wa watu wenye heshima hawakutoka mchana. Baba ndiye aliyechagua samaki, akapatana bei, akaleta kitoweo mwenyewe. Watoto humjua kwa mwendo wake kabla hajafika, hukimbia kumpokea, na mdogo kuliko wote hupewa kitu kisicho kizito, labda ndimu mbili, apate naye kusema ya kwamba amesaidia. Fedha za matumizi ya nyumba huitwa masurufu, na mume aliyeyatoa bila kukumbushwa husifiwa na wakwe zake kuliko mume mwenye maneno matamu.

Lakini kikapu hicho ndicho pia majonzi yake. Wavuvi wa pwani hujua ya kwamba wakati wa kusi, pepo zivumapo kwa nguvu toka kusini, kadiri ya mwezi wa Aprili hata Septemba, siku nyingi vyombo vidogo havitoki, au vyatoka na kurudi vitupu. Basi utamwona mvuvi amekaa barazani mpaka usiku, anazungumza na watu kana kwamba ana starehe, naye hana starehe hata kidogo: angoja watoto walale, asiulizwe ameleta nini. Mkewe alijua tangu alasiri, wala hamwiti ndani. Mgeni apitaye husema, Huyu ni mvivu, akaa barazani siku kutwa.

Kwa binti, baba hupewa miaka michache tu ya karibu. Binti akiisha kuvunja ungo, mafundisho yake yako kwa kungwi na somo, na shauri la ndani lina shangazi. Baba hana ruhusa kusema naye mambo hayo, wala kuingia chumbani mwake kama alivyozoea. Jana alimpakata, leo amwamkia kwa mbali, na hakuna aliyemweleza wala anayengojea aeleze moyo wake. Katika vitabu vya desturi jambo hili huandikwa kwa mstari mmoja, nami naona ni haba, kwa maana baba wengi watakuambia kwamba hapo ndipo walipoona upweke wa kwanza katika nyumba zao wenyewe.

Kisha yaja posa na mahari. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili katika Berlin, ndiye aliyekusanya sehemu kubwa ya habari za kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903, na mtu atakaye kujua mambo ya harusi za zamani hana budi kukisoma. Mbali na mahari, ambayo kwa sheria ni mali ya bibi arusi mwenyewe, wazazi walikuwa na haki zao. Haki ya baba huitwa kilemba. Ya mama ni mkaja na ubeleko. Tuyatazame maneno haya. Mkaja ni nguo ambayo mama alijifunga tumboni baada ya kuzaa. Ubeleko ni nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Mama hulipwa kwa kazi iliyoonekana, nguo kwa nguo. Baba hulipwa kilemba, pambo la kichwa, kitu cha heshima; na kilemba hichohicho ndicho apewacho fundi na mwanafunzi aliyemaliza kujifunza ufundi. Waswahili basi wamempima baba kama fundi aliyemaliza kazi yake, akaitoa mikononi. Hakuna zawadi yenye jina kwa ajili ya kungoja barazani. Baba hukipokea kilemba mbele ya watu kwa uso mkunjufu, na usiku ule, nyumba ikiisha kunyamaza, huenda akakumbuka ndimu mbili.

Hata hivyo mwalimu asidhani ya kwamba kila mahali baba ana mamlaka yaleyale. Kwa makabila mengi nyuma ya pwani na kusini, kama Wazaramo, Waluguru, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo ulifuata upande wa kukeni. Kwa Wayao, mume mara nyingi alikwenda kukaa kijijini kwa mke wake, na mkubwa wa wale dada na watoto wao, kundi liitwalo mbumba, alikuwa kaka yao. Huyo, yaani mjomba, ndiye aliyeamua neno la ndoa na la magomvi, naye alirithiwa na wapwa zake. Baba alilima, alijenga, alimbeba mtoto mabegani. Lakini neno likiwa kubwa, aliketi kando akasikiliza. Wako waliosema kwa haraka ya kwamba baba wa namna hii hawakujali watoto wao. Kinyume chake chaonekana mara nyingi: asiye na amri juu ya mtoto, wala urithi wa kumtishia, hana njia ya kumvuta illa kwa wema. Siku hizi shule, kazi za mshahara na mashamba ya mazao ya fedha zimewapa baba hawa nguvu mpya, na mjomba amepungukiwa. Lakini mwalimu aitaye mzazi akaona mjomba ameingia mlangoni, asimwulize, Wewe ni nani? Ampe kiti.

Ndoa ikivunjika, majonzi ya baba hupata umbo jingine. Katika Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaweka dhana ya kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, ijapokuwa hakimu aweza kuona vingine kwa faida ya mtoto. Kwa baba maana yake ni kwamba miaka ile ya kupokewa kikapu mlangoni humpita.

Yamebaki maneno ambayo baba hakuweza kuyasema kwa kinywa. Kwa haya lugha ina wosia. Watu wengi hulijua utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao mama aliyekuwa mgonjwa alimwachia binti yake. Wachache hukumbuka ya kwamba Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, aliwatungia wanawe tenzi mbili: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Kalamu ilimpa baba ruhusa ambayo desturi ilimnyima, kusema na binti kwa kirefu bila haya. Walimu wasomeshao tenzi hizi kwa ajili ya vina na mizani tu huwanyima vijana nusu ya faida yake.

Na juu ya kifo. Mtoto aliyefiwa na wazazi ana jina, yatima. Mke aliyefiwa na mume ana jina, mjane. Baba aliyempoteza mtoto hana jina lake peke yake katika Kiswahili. Ana kitenzi tu. Kufa ni kwa yule aliyekufa. Kufia ni kufa na kumgusa mwingine, Mtoto amemfia babaye. Na kufiwa ni kwa yule aliyebaki, Baba amefiwa na mwanawe. Mwanafunzi wa lugha hujifunza hapa namna ya kutendewa, na pengine huona shida, kwa kuwa katika lugha nyingi za Ulaya kitenzi cha kufa hakiwezi kugeuzwa hivi. Kwa Mswahili chageuka bila taabu. Matangani wanawake hulia kwa sauti ndani. Wanaume hukaa nje juu ya majamvi. Maiti ya mtoto mchanga mara nyingi haichukuliwi kwa jeneza mabegani mwa watu wanne. Huchukuliwa mikononi, na pengine baba mwenyewe ndiye aichukuaye mpaka kaburini. Akirudi, watu humwendea mmoja mmoja, hawamwulizi neno, humpa mkono na kumwambia, Makiwa, kisha huketi karibu naye.