Kiitaliano kwa Njia ya Kiswahili

Wenzangu hosteli wakinikuta napiga msuli wa Kiitaliano huuliza swali moja tu: cha kazi gani? Jibu langu ni fupi. Ada ya mwaka wa tatu haijatimia, na likizo ndefu nataka kwenda Kiwengwa, Zanzibar, kuomba kazi ya mapokezi hotelini. Ufukwe ule umezoea Waitaliano, na mwombaji mwenye Kiingereza peke yake yuko kwenye foleni ndefu. Malindi na Watamu kule Kenya ni hivyo hivyo. Waitaliano wako pale tangu enzi za kituo cha San Marco, kilichorusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, na hadi leo muuza vinyago anapatana bei kwa Kiitaliano bila kukwama. Wengi wao hawajakaa darasani hata siku moja.

Basi na wewe unaweza kuanza mwenyewe, kwa simu, daftari na bando dogo. Ila ushauri wangu ni huu: usipitie Kiingereza. Programu nilizotumia zinafundisha Kiitaliano kwa maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo zinapoteza muda mwingi kufafanua mambo uliyoyajua kabla hujaingia chekechea. Angalia njaa na umri. Kwa Kiingereza vinakwenda na kitenzi cha "kuwa". Kiitaliano kinatumia "kuwa na", kama sisi. "Ho fame" ni nina njaa, "ho sete" nina kiu, "ho sonno" nina usingizi, "ho fretta" nina haraka, "ho vent'anni" nina miaka ishirini. (Hiyo "ho" hutamkwa "o", h ni bubu.) Au chukua "suo". Kitabu cha Kiingereza kitakuhangaisha kama ni cha mwanamume au mwanamke. Sisi tunasema "kitabu chake" na maisha yanaendelea. Kiitaliano nacho husema "il suo libro", na neno hilo linapatana na kitabu, si na mwenye kitabu.

Upatanisho ndio mtaji wetu mkubwa. Libro nuovo, libri nuovi: kitabu kipya, vitabu vipya. Scarpa nera, scarpe nere: kiatu cheusi, viatu vyeusi. Sifa inakuja baada ya jina mara nyingi, na inabadilika pamoja nalo. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mwanzo wa neno, wao wanabadilisha mwisho, tena wana makundi mawili tu, la kiume na la kike. Mtu aliyemudu ngeli za Kiswahili ataogopa nini hapo? Pa kuangalia ni maneno yanayoishia na e, maana kwa kuyatazama tu hujui yako kundi gani. Yashike pamoja na kitangulizi chake: il pane (mkate), la chiave (ufunguo).

Vitenzi pia hubeba nafsi ndani yake: parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano. Nasema, unasema, anasema, tunasema, mnasema, wanasema. Huna haja ya kutaja "io" kama usivyo na haja ya kutaja "mimi", mpaka uwe unasisitiza.

Kwenye matamshi, irabu zetu tano zinakufikisha mbali, na mkazo mara nyingi uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maandishi ndiyo yanayotuzingua, kwa sababu yamegeuzwa. Herufi c ikifuatwa na e au i ndiyo ch yetu, na "ch" yao ni k yetu. Kwa hiyo "cento" ni chento, na "chiave" ni kiave. "Gn" ni ny ya nyanya: "bagno", yaani bafu, ni banyo. "Sc" mbele ya e au i ni sh: "pesce", samaki, ni peshe. Halafu kuna konsonanti mbili mbili, ambazo hazina mzaha. "Nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. "Anno" ni mwaka, lakini ukimeza n moja unataja sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya wazee. Kwa m na n tunao msaada: tamka "nonno" kwa kukumbuka mwanzo wa "nne", na "mamma" kwa kukumbuka "mmea". Kwa t, p au l, simama kidogo kabla ya kuachia sauti.

Desa langu la bure liko sokoni. Kwenye mitumba ya Kariakoo na pale Karume, mashati na makoti kutoka Ulaya yanakuja na lebo za lugha nyingi. Tafuta mstari wa Kiitaliano: "cotone" pamba, "lana" sufu, "seta" hariri, "lavare a mano" fua kwa mkono. Chini ya viatu utakuta "vero cuoio". Muuzaji atakwambia, "Msomi, hii ngozi tupu!" Mhuri ule unazungumzia soli tu. Ngozi ya juu huandikwa "vera pelle", na ukiona "finta pelle" ujue ni ya kuigiza. Hapo lugha imeshakuokolea hela ya chakula.

Kuna maneno ambayo ni ndugu zetu kabisa, maana Kiarabu kilitugawia sote: sukari na zucchero, kahawa na caffè, zafarani na zafferano, narinji na arancia, sifuri na zero. Taarifa yetu ni ndugu wa "tariffa", orodha ya bei, na diwani wetu ana ukoo na "dogana", yaani forodha. Wengine ni marafiki wanafiki. "Pesa" ni "kina uzito". "Mia" ni "yangu", na mia yenyewe ndiyo cento. "Bara" ni jeneza, kwa hiyo taja Tanzania Bara kwa uangalifu.

Heshima hawaionyeshi kwa shikamoo, bali kwa kiwakilishi. Rafiki ni "tu", mgeni na mkubwa ni "Lei", na kitenzi kinakuwa cha nafsi ya tatu kana kwamba unamsema mtu mwingine. Mapokezi ni Lei, basi.

Kinachobaki kigumu ni masikio. Nashusha sauti fupi fupi kwa intaneti ya chuo, nazisikiliza kwenye mwendokasi kutoka Gerezani hadi Kimara, nikirudia kimoyomoyo. Wiki hii nimekwama kwenye "sessantasette" na "settantasei", 67 na 76. Zikisemwa haraka zinafanana, na mapokezi ni kazi ya namba za vyumba.